Sanduku Yenye Kuimba: Fono Moja ya Masisi

Wakati komite ya kijitabu hiki ilitupatia kazi ya kuandika juu ya vyombo vya muziki vya kwetu, wenzetu wengi walingoja tuandike juu ya ngoma, likembe na filimbi. Tunawaomba ruhusa. Safari hii tutaandika juu ya fono, ni kusema ile sanduku ya kuzungusha na mkono, ambayo wazee wengine waliita gramofoni. Mashini zilizokuja nyuma, zenye kutumia mabuye ya radio, ziliitwa pikapu. Mwenzetu mmoja alituuliza katika mkutano: "Mwalimu, kitu ya Wazungu inaingia namna gani katika mila?" Ni ulizo nzuri. Tutaijibu kidogo kidogo.

Kwanza historia. Toka mwaka wa 1928 kundi lenye kuitwa CNKi lilipewa na serikali ya Wabeleji uwezo juu ya udongo wa Kivu, na wakoloni wakapanda kahawa, chai na pareto kwenye milima ya Masisi. Mikono ya kazi haikutosha. Njo maana kati ya mwaka wa 1937 na 1955 ofisi iliyoitwa MIB ilileta maelfu ya jamaa kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari na jirani yake. Matokeo ya jambo lile juu ya udongo tunayajua wote, na si hapa pa kuyaeleza. Upande wa Walikale, msituni, ilikuwa kazi ya madini, hasa kasiterite. Pande zote mbili kulikuwa sasa watu wenye kupokea mshahara kwa mwezi: makapita, makarani, madereva, wapishi. Mtu wa mshahara alinunua kwanza baiskeli, kisha cherehani kwa mama, na kama alibakiza kitu, fono.

Lakini fono bila disiki ni sanduku tu. Disiki zilianza kuwa nyingi mwaka wa 1948, wakati Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua nyumba ya Ngoma kule Léopoldville. Mwaka ule ule Wendo Kolosoy na Henri Bowane wakatoa "Marie-Louise", wimbo ambao hata leo wazee wa vijijini wanaujua. Nyuma zikaja Opika na Loningisa. Zilikuwa disiki za 78, ni kusema zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, nzito, nyeusi, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Kila upande ulikuwa na dakika tatu hivi za muziki, halafu mtu anasimama, anageuza, anazungusha manivele tena.

Hapa tuseme neno ambalo halitafurahisha kila mtu. Sanduku ile haikuimba Kihunde, wala Kinyanga, wala Kinyarwanda. Kwetu iliimba zaidi Lingala. Mafundi wa kurekodi walikuwa mbali, na waimbaji wa milima yetu hawakuwa na njia ya kuwafikia. Mwaka wa 1956, wakati Léopoldville disiki zilikuwa zinatoka kila wiki, mzee Candi Rureke aliwaimbia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake hadithi kubwa ya Mwindo katika nchi ya Wanyanga, na ile hadithi ilishikwa kwa kalamu na karatasi. Ilitoka kitabu mwaka wa 1969, kwa mikono ya Biebuyck na Kahombo Mateene. Tunashukuru kwa kitabu. Lakini sauti ya Rureke mwenyewe, ile ambayo ingetakiwa kukaa ndani ya disiki, haiko kwenye kitabu. Kwa hiyo anayesema fono ilitunza mila yetu anajidanganya. Ilileta mila nyingine, na sisi tukaifanya yetu. Wazee tuliowauliza wanasema kwamba kwenye arusi mwenye fono aliketishwa pembeni ya baba wa bibi arusi, na alipewa pombe yake mbele ya wengine, sawa vile mpiga ngoma alipewa. Kwetu, hapo njo kitu ya Wazungu inaingia katika mila.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio. Mashamba makubwa na butike za wageni zikapewa wenyeji, na wakoloni wengi wa Masisi wakaondoka. Walichukua vyenye kubebeka. Fono za manivele zilikuwa zimepitwa na wakati tayari, kwa hiyo nyingi zilibaki mikononi mwa wapishi na makapita. Njo hivi ile yetu ilimfikia mwenyewe.

Tuliisikia mwaka wa 2021. Mzee mmoja, zamani mpishi wa shamba la kahawa, alikuwa nayo katika kijiji kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi. Tulipofika tulikuta sanduku nyeusi, kubwa kama valizi, na ndani ya kifuniko alama ya mbwa mwenye kusikiliza pembe, alama ya La Voix de son Maître. Mwaka wa 1993, wakati vita vya wenyeji vilivyoanzia soko la Ntoto vilipofika kwao, aliifukia ndani ya shamba la migomba, ikiwa imefungwa na hema la plastiki. Alirudi kuichimbua kiisha miezi mingi. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia.

Watoto wake walitaka kuiuza kwa kilo, pamoja na vyuma vingine. Yeye alikataa, na sisi pia alitukatalia mara ya kwanza. "Iyi mashini haiko ya kuuzisha," alisema. "Iliimba siku nilioa mama yabo." Mara ya pili tulikubaliana dola 60, na sharti moja: ikipona, tuilete iimbe ndani ya kiwanja chake, wajukuu waione. Mtoto wake mkubwa alitusindikiza mpaka barabarani akatuambia tumewanyonya. Pengine alikuwa na haki. Hatukujua bei ya kitu kile, na bado hatuijui.

Kazi ya kutengeneza ilichukua karibu miaka miwili. Fundi wetu wa Goma hutengeneza saa na redio, hakuwa amewahi kufungua fono. Moyo wa mashini ile ni resori, utepe mrefu wa chuma uliozungushwa ndani ya kopo. Grese ilikuwa imekauka kama bugali ya juzi, na resori imeshikamana. Alipofungua kopo bila kulegeza nguvu yote iliyobaki, resori iliruka na kumkata kidole gumba. Tunaandika hivi kusudi mwingine asirudilie.

Resori haikuvunjika, Mungu asifiwe. Ilisafishwa na petroli, ikasuguliwa kutu, ikapakwa grese mpya. Tulikuwa tumesoma kwamba grese ile inafaa kuchanganywa na grafiti, tukataka kukwangua penseli za wanafunzi. Fundi alikataa: ndani ya penseli kuna udongo pia, na udongo unakula chuma. Siku ile mwalimu alifundishwa.

Shida ya pili ilikuwa kile kiungo chenye kulinda mwendo. Ni vipande vitatu vya risasi vilivyofungwa kwenye resori ndogo nyembamba. Mashini ikienda mbio vinatanuka na kuvuta sahani ndogo kwenye breki. Resori moja ndogo ilikuwa imevunjika, ndiyo maana sauti ilikuwa inapanda na kushuka kama mlevi. Fundi alikata nyingine kutoka utepe wa saa ya zamani. Na ndani ya kichwa cha sauti kawuchu ilikuwa imekuwa ngumu kama jiwe. Aliweka kawuchu ya valvu ya baiskeli, ikakubali.

Sindano hazikupatikana Goma. Jamaa mmoja alitutumia paketi ya 100 toka Bruxelles. Sindano ya chuma inatumika upande mmoja wa disiki, kisha inatupwa, kwa sababu disiki zile zilichanganywa na unga mgumu wenye kuchonga sindano. Zamani watu wa kwetu walinoa zilizokwisha kwenye jiwe, na njo maana disiki nyingi zilizobaki zinakoroma. Vijana wetu walitaka kujaribu disiki ya 45 juu yake. Hapana! Sindano ile nzito inalima plastiki yote.

Kwa kupima mwendo tuliweka karatasi chini ya disiki, tukahesabu na saa mkononi: 78 kwa dakika. Tukafurahi sana.

Februari 2024 vita vikafika Sake. Mzee alikimbia na familia yake mpaka kambi moja ya wakimbizi magharibi ya Goma, na habari zikafuata kwamba nyumba yao imechomwa. Kiwanja cha sharti letu hakikuwa tena. Tulijadiliana kati yetu: tungoje amani, ao tuende hivyo? Kungoja amani, kwetu, tunakujua. Tulienda mwezi wa tatu, sanduku ndani ya gunia, juu ya pikipiki.

Tuliiweka juu ya bido la maji mbele ya hema yao. Disiki zake zilizobaki nzima zilikuwa mbili. Tukaweka ile yenye bado neno Ngoma kwenye karatasi ya kati. Watoto wa kambi walijaa. Mzee alisikiliza nusu dakika, akainua mkono. "Iko inakokota," akasema. Sisi tukamwambia tumehesabu. "Muzungushe mpaka mwisho. Munaogopa resori." Ilikuwa kweli, tulikuwa tunaogopa, sababu ya kidole cha fundi. Tukazungusha mpaka manivele ikakataa, na sauti ikasimama sawasawa.

Mtoto wake mkubwa, yule wa barabarani, alikuwa amesimama nyuma ya wengine. Alituuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuwarudishia, wao watatulipa siku moja. Tukamtazama mzee. Tulikuwa tayari kusema ndiyo.

"Nitaiweka wapi?" mzee alisema. Kisha akaomba tugeuze upande wa pili.