Kutoka Nyota ya Suha hadi 6/6: Safari ya Kupima Macho

Kabla ya chati za hospitali, Waarabu wa kale walipimana macho usiku. Kwenye mkia wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa kuna nyota angavu, na ubavuni mwake kinyota hafifu walichokiita Suha. Aliyekiona alihesabiwa kuwa na macho makali. Lakini kipimo hicho kilijibu ndiyo au hapana tu. Hakikuweza kusema jicho limepungua kiasi gani, wala kama mwaka huu limezidi kufifia kuliko mwaka jana.

Karne nyingi baadaye, huko Ujerumani, daktari Heinrich Küchler alianza kutafuta kipimo cha viwango kwa kukata picha vitabuni na kuzibandika kwenye karatasi, kubwa juu, ndogo chini. Mwaka 1843 akachapisha chati ya maneno. Wagonjwa wakaikariri, ikambidi atengeneze chati tatu ili azibadilishe. Mwaka 1854 Eduard Jaeger wa Vienna akatoa vifungu vya kusoma kwa karibu, akitumia herufi za kiwanda cha uchapaji cha serikali. Vilisaidia sana, ila ukubwa wake ulitegemea chapa zilizokuwapo kiwandani. Daktari wa mji mwingine mwenye chapa tofauti hakuwa na namna ya kulinganisha majibu yake na ya Jaeger.

Suluhisho lilipatikana Utrecht, Uholanzi, katika hospitali ya macho iliyofunguliwa mwaka 1858 chini ya Franciscus Donders. Msaidizi wake, Herman Snellen, alitoa chati yake mwaka 1862. Aliichora kila herufi ndani ya mraba wa visehemu vitano kwa vitano, unene wa mstari ukiwa sehemu moja ya tano ya urefu wa herufi. Kisha akaifunga herufi na umbali: katika umbali uliowekwa, mstari wake uchukue pembe ya moja ya sitini ya digrii machoni. Kwa mita 6, herufi hiyo huwa na urefu wa karibu milimita 9. Ile kubwa ya juu kabisa, ambayo jicho la kawaida huiona kutoka mita 60, hukaribia sentimita 9.

Ndipo zikazaliwa namba mbili tunazozikuta kwenye kadi ya kliniki. 6/18 maana yake mgonjwa aliyesimama mita 6 ameishia kwenye herufi ambazo jicho la kawaida lingezisoma kutoka mita 18. Asiyeiona hata herufi ya juu husogezwa karibu. Akishindwa bado, huulizwa idadi ya vidole, kisha kama anaona mkono ukipungwa, mwisho kama anaona mwanga. Kila jibu huandikwa, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake. Kwa namba hizo Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake lenye nafuu halifikii 3/60.

Lakini je, asiyejua kusoma? Yeye huonyeshwa E iliyogeuzwa juu, chini, kulia au kushoto. Mgonjwa hufunika jicho moja kwa kiganja, na kwa mkono mwingine huonyesha vidole vya E vinaelekea wapi. Bibi ambaye hajawahi kukanyaga darasani hupimwa kwa usahihi uleule anaopimwa profesa, na kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa ya kipimo hiki. E hiyohiyo ndiyo iliyowekwa kwenye programu ya simu ya Peek Acuity. Watafiti waliijaribu kwa wazee wa Nakuru, Kenya, na kuchapisha mwaka 2015 kwamba majibu yake yalikaribiana na ya chati za kawaida. Mpimaji hana haja ya kuitazama herufi: hutelezesha kidole kwenye kioo kufuata upande anaoonyesha mgonjwa.

Hata hivyo, 6/6, yaani uoni wa jicho la kawaida, si cheti cha afya ya jicho. Presha ya macho huanza kwa kula uoni wa pembeni, na mtu anaweza kuisoma chati yote huku ugonjwa ukiendelea. Kwa hiyo, msomaji, ukienda kliniki usiridhike kuambiwa kwamba macho yako yako sawa. Omba uchunguzwe ndani ya jicho pia, na namba za kila jicho, ukiwa na miwani na bila miwani, ziandikwe kwenye kadi yako. Itunze kadi hiyo na uende nayo kila unapopimwa tena.