Kutoka Shanga za Ujiji hadi Diski za Nyumbani: Haja ya Viwango vya Pamoja

Insha hii inaangalia historia ya vihifadhi data vya mtandao wa nyumbani, yaani lile boksi lenye diski ambamo simu na kompyuta zote za nyumba huweka faili zao. Hoja yangu ni kwamba viwango vya pamoja vimefika kwenye waya, lakini ndani ya diski bado.

Mwambao wetu wa Tanganyika unalijua tatizo hili tangu zamani. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874, alikuta soko linatumia shanga za sofi kama fedha. Asiyekuwa nazo alianza kwa wabadilishaji. Hao walitoa sofi soko lilipofunguliwa, wakazipokea tena lilipofungwa, na walipata faida mara zote mbili. Basi asiye na kipimo cha soko hulipia mlango.

Kompyuta zilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1983 IBM ilibuni itifaki ya SMB ya kugawana faili. Mwaka 1984 Sun Microsystems ikatoa NFS. Apple nayo ikawa na yake. Mashine za kampuni moja hazikuelewana na za nyingine. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Australia, alitoa programu iliyokuja kuitwa Samba, baada ya kuchunguza data zinazopita kwenye waya. Huyu alikuwa mbadilishaji asiyetoza ushuru. Hatimaye, mwaka 2013, Apple nayo iliipa SMB nafasi ya kwanza. Miaka 30 ilikuwa imepita.

Ndani ya boksi mambo ni tofauti. Mbinu ya kuunganisha diski kadhaa, RAID, ilielezwa na wataalamu wa Berkeley mwaka 1988, lakini kila mtengenezaji anaweza kuzipanga data kwa namna yake. Boksi likiungua, diski inaweza kuwa nzima na bado kompyuta ya kawaida isiitambue.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Kigwena? Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge walikimbilia Tanzania. Waliporudi, migogoro ya ardhi ilikuwa mingi, hata serikali ikaunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006. Huku kwetu karatasi ya shamba la michikichi ni uhai. Anayeipiga picha na kuihifadhi anawawekea wajukuu, na wajukuu hawatakuwa na boksi lilelile.

Watengenezaji husema kwamba upangaji wao wenyewe huleta ubunifu. Nakubali, mradi wauchapishe ili fundi yeyote aweze kuusoma. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006. Naona ingefaa kudai sharti hilo kwa kila kihifadhi data kinachouzwa katika nchi zetu. Kabla ya hapo, nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine, ya aina ambayo kompyuta yoyote huisoma.