Milimita Chache za Taya: Historia ya Kifaa cha Kinywani Kinachotibu Mkoromo

Mgonjwa amelala chali juu ya meza ya upasuaji. Klorofomu imeshamwingia, viungo vimelegea, na kooni mwake unatoka mkoromo mzito. Mara mkoromo unakatika. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti, na midomo inaanza kubadilika rangi. Daktari aliyesimama upande wa kichwa anapitisha vidole nyuma ya pembe mbili za taya la chini, chini kidogo ya masikio, kisha analisukuma taya mbele mpaka meno ya chini yanayapita ya juu. Pumzi inarudi kwa kishindo.

Tukio la namna hiyo halikuwa geni katika hospitali za Ulaya za karne ya 19. Klorofomu ilianza kutumika kwa upasuaji mwaka 1847, na madaktari waligundua mapema kwamba ulimi uliolegea unaweza kurudi nyuma na kuziba koo. Wengine waliukamata kwa koleo na kuuvuta nje. Mwaka 1874 daktari wa Norway, Jacob Heiberg, aliandika kuhusu njia isiyo na koleo: kuvuta taya lote la chini mbele. Friedrich von Esmarch, mpasuaji mashuhuri wa mji wa Kiel, aliieneza njia hiyo Ujerumani, na mpaka leo Wajerumani huuita mshiko huo kwa jina lake.

Mshiko unafanya kazi kwa sababu msuli mkuu wa ulimi umeshikizwa kwenye mfupa wa kidevu, upande wa ndani. Taya likienda mbele, ulimi hauna budi kulifuata, na nyuma yake njia ya hewa inafunguka. Vifaa vya kinywani wanavyochongewa leo watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini hufanya kazi ileile ya vidole vya daktari, isipokuwa vyenyewe havichoki mpaka asubuhi.

Lakini ujuzi huo ulichukua zaidi ya miaka 100 kutoka kwenye meza ya upasuaji hadi kitandani. Sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyemhesabu mkoromaji kuwa mgonjwa. Anayekoroma alidhaniwa kuwa ndiye aliyezama katika usingizi wa pono, na aliyeonewa huruma ni yule aliyelala ubavuni pake akihesabu boriti za paa.

Aliyekaribia mapema kuliko wengi alikuwa Pierre Robin, daktari wa kinywa wa Paris aliyezaliwa mwaka 1867. Mwaka 1902 alieleza kifaa cha kipande kimoja kilichokaa katikati ya meno ya juu na ya chini ili kurekebisha mataya ya watoto. Alikiita monobloki. Mwaka 1923 aliandika kuhusu watoto wachanga wanaozaliwa na taya dogo la chini: ulimi unaangukia kooni, mtoto anahangaika kupumua, hanyonyi vizuri, anadhoofika. Miaka iliyofuata aliitumia monobloki yake kupambana na hali hiyo. Hali ya watoto hao inaitwa kwa jina la Pierre Robin hata sasa. Kwa hiyo wazo la kutumia kifaa cha meno kufungua koo lilikuwa limekwisha kuandikwa, ila lilibaki kwa watoto wachanga na mafundi wa mpangilio wa meno.

Watu wazima walisubiri wanasayansi wa usingizi. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walieleza hali ya mgonjwa mnene mno aliyekuwa akisinzia mchana kutwa, wakaipa jina kutokana na riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers, ambamo kijana mnene aitwaye Joe husinzia popote anapoachwa. Walidhani tatizo ni unene na hewa chafu inayobaki mwilini. Mwaka 1965 makundi mawili, moja la Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, jingine la Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Freiburg, yaliwalaza wagonjwa wa aina hiyo huku vyombo vikirekodi ubongo na pumzi zao usiku. Karatasi zilionyesha jambo ambalo wake wa wagonjwa wangeweza kuwaeleza miaka mingi nyuma: mkoromo, kimya, kushtuka kwa pumzi nzito, kisha mkoromo tena. Mgonjwa alikuwa akikabwa na koo lake mwenyewe, na ubongo ukimwamsha nusunusu kila mara ili asife. Usingizi wa kweli alikuwa hana, ndiyo maana alisinzia mchana.

Leo kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mtu mzima anayekatika pumzi, au ambaye pumzi yake inapungua sana, mara 5 hadi 15 kwa saa ana ugonjwa hafifu. Kuanzia 15 hadi 30 ni wa kati. Zaidi ya 30 ni mkali. Moyo na shinikizo la damu hulipa gharama ya kila mshtuko huo.

Ugonjwa ulijulikana, tiba ikawa ya kutisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa mahututi walianza kutobolewa shingo ili wapumulie kwenye tundu chini ya sehemu inayoziba. Mchana tundu lilizibwa wapate kuzungumza, usiku likafunguliwa. Lilifanya kazi, lakini ni wangapi wangekubali? Mmoja wa waliokataa alikuwa mgonjwa wa daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia. Mwaka 1980 Sullivan alimuunganishia bomba la hewa puani, na hewa hiyo ikapulizwa kwa nguvu ya kutosha kulizuia koo lisifunge. Mgonjwa akalala. Taarifa ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, na ndiyo asili ya mashine ya CPAP, ambayo mpaka sasa ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote.

Hata hivyo mashine ina bomba, barakoa, mikanda na umeme. Wapo wanaoivua usiku wa manane bila kujijua, na wapo wanaoiweka kabatini baada ya wiki moja. Hapo ndipo kifaa kidogo cha kinywani kilipopata nafasi.

Mwaka 1982, huko Chicago, mwanasaikolojia Rosalind Cartwright na daktari Charles Samelson walichapisha matokeo ya kifaa laini chenye kifuko mbele ya meno. Mgonjwa aliutumbukiza ulimi ndani ya kifuko, ukanaswa kwa mnyonyo na kubaki mbele usiku kucha. Mwaka 1984 Karlheinz Meier-Ewert na wenzake wa Ujerumani walieleza kifaa kilichoshika meno ya juu na ya chini na kulisogeza taya mbele. Walikiita kifaa cha Esmarch, wakimkumbuka mpasuaji wa Kiel. Baada ya miaka 110, vidole vya nyuma ya taya vilikuwa vimegeuzwa plastiki.

Mtu aliyefuata hakuwa wa kutarajiwa. Peter George alizaliwa mwaka 1929 huko Akron, Ohio, katika familia ya wahamiaji kutoka Makedonia. Ujana wake aliumalizia kwenye vyuma. Akiwa na miaka 18 alikuwa bingwa wa dunia wa kunyanyua uzito. Alichukua medali ya fedha katika Olimpiki ya London mwaka 1948, ya dhahabu huko Helsinki mwaka 1952 kwa jumla ya kilo 400, na ya fedha tena Melbourne mwaka 1956. Alisomea udaktari wa meno, akalitumikia jeshi la Marekani, kisha akafungua kazi ya kupanga meno huko Honolulu, Hawaii.

Kazi ya mpanga meno ilimfundisha jambo ambalo madaktari wa mapafu hawakuwa nalo mikononi: namna ya kuliongoza taya kwa kifaa. Tangu enzi ya Robin, wapanga meno wa Ulaya walikuwa na vifaa vingi vya kuwavuta taya watoto waliokuwa wakikua. George alikibadilisha kimoja kimfae mtu mzima aliyelala. Mwaka 1985, pamoja na daktari Bruce Soll, aliandika barua fupi katika The New England Journal of Medicine kuhusu kifaa hicho, ambacho kwa Kiingereza kilifupishwa kuwa NAPA. Kilikuwa kipande kimoja kigumu, kimeshika meno yote, taya limesogezwa mbele na mdomo umeachwa wazi kidogo.

Lakini mchango wake ambao mikono ya madaktari wa meno huugusa kila siku ni kitu kidogo zaidi: kipimo cha George. Ni kijiti bapa cha plastiki chenye mistari ya milimita na mifereji ya kukalia meno ya mbele, ya juu na ya chini. Daktari anamwambia mgonjwa arudishe taya nyuma kabisa, anasoma namba. Kisha alitoe mbele mpaka mwisho, anasoma namba ya pili. Tuseme taya limetoka milimita 4 nyuma ya sifuri hadi milimita 8 mbele yake. Mwendo wote ni milimita 12. Nusu yake ni 6, basi kijiti kinakazwa kwenye alama ya 2 mbele ya sifuri. Mgonjwa anang'ata hapo, daktari anajaza kati ya meno ute unaoganda kwa dakika chache, na ung'ato huo unapelekwa kwa fundi wa maabara pamoja na umbo la meno. Zamani umbo lilichukuliwa kwa unga uliokorogwa na maji na kumiminiwa plasta. Siku hizi skana ndogo huzungushwa mdomoni na kazi nyingine hufanywa na kompyuta. Fundi hutengeneza vipande vya akriliki, anavisugua mpaka visikwaruze ufizi.

Vifaa vya kwanza vilikuwa na kasoro moja: vikishaganda, vimeganda. Taya likihitaji milimita 1 zaidi, kazi inaanza upya. Miaka ya 1990 ikaleta vifaa vya vipande viwili vinavyorekebishwa. Keith Thornton, daktari wa meno wa Texas, alibuni chenye ndoano na skrubu mbele. Alan Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alibuni kingine ambacho mgonjwa alikisogeza robo milimita kwa robo milimita. Wengine walirudia vijiti vya pembeni alivyobuni Emil Herbst wa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kupanga meno. Mwaka 1991 madaktari wa meno wa Marekani wenye ujuzi huu walianzisha chama chao, na mwaka 2006 madaktari wa usingizi wa nchi hiyo walitoa mwongozo uliokubali vifaa hivi kwa wagonjwa wa ngazi hafifu na ya kati wanaovipendelea au walioshindwa na mashine.

Swali kubwa, kama kifaa kinaweza kushindana na mashine, lilijibiwa Sydney, mji uleule wa Sullivan. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 100, wengi wa ngazi ya kati na kali, waliotumia mashine mwezi mmoja na kifaa cha kinywani mwezi mwingine. Kwa kuzuia pumzi kukatika, mashine ilishinda waziwazi: mara 4.5 kwa saa dhidi ya 11.1. Lakini mashine ilivaliwa saa 5.2 kwa usiku, kifaa saa 6.5. Mwisho wa hesabu, shinikizo la damu halikutofautiana. Tiba dhaifu inayovaliwa usiku mzima ilikuwa imefikia tiba kali inayovuliwa alfajiri.

Hilo si jambo dogo. Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba karibu watu bilioni 1 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Kifaa kina masharti yake. Kinahitaji meno ya kutosha na imara ya kukishikilia. Kwanza usingizi upimwe, kwani mkoromo mtupu na koo linaloziba ni mambo mawili, na baada ya kukizoea upimwe tena ili ijulikane kama pumzi zimetulia kweli. Siku za mwanzo mate hujaa au mdomo hukauka, na taya huuma asubuhi. Miaka ikipita meno yenyewe husogea kidogo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa kipande cha pili, kidogo, cha asubuhi: mgonjwa anakivua kifaa cha usiku, anakisugua kwa mswaki laini na maji yasiyo moto, kisha anang'ata hicho kidogo dakika chache, taya likirudi taratibu mahali pake, mpaka magego ya juu na ya chini yakutane kama yalivyokutana jana kabla ya kulala.