Moto wa Liru na Wati

Milima miwili imebeba historia ya West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda wanakoishi Walugbara. Wati, ambao wao huuita Eti, uko Terego. Liru uko karibu na mji wa Koboko. Wazee wa Kilugbara husema shujaa Dribidu alifia Wati, naye Jaki alifia Liru, na koo za Walugbara hutaja wana wa wawili hao kuwa waasisi wao.

Masimulizi haya yalifika vitabuni kwa mkono wa John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, kisha akachapisha Lugbara Religion mwaka 1960. Ukiyasoma leo utadhani ni riwaya ya miujiza ya watoto. Lakini kwa wenyewe yalikuwa maelezo ya jinsi jamii ilivyoanza, na ndani yake kila aliyepata alichohitaji alikuja kulipishwa.

Hapo mwanzo Mungu aliumba mwanamume, Gborogboro, na mwanamke, Meme. Tumbo la Meme lilijaa wanyama wa porini. Swala alitoka wa kwanza, wengine wakamfuata, na baada yao wakazaliwa mvulana na msichana. Hao nao wakazaa mvulana na msichana, na mambo yakaenda hivyo vizazi kadhaa. Kaka alimwoa dada yake. Mahari hakuna, shemeji hakuna, mjomba hakuna, kwa kuwa hapakuwa na ukoo wa pili wa kuoa kwake. Walugbara waliuona ulimwengu huo kuwa umepinduka, na hapo msimulizi hana utani: mtu asiye na wakwe hajawa mtu kamili.

Ndipo wanakuja mashujaa. Jaki alitoka kaskazini, upande wa Sudan. Dribidu, aliyejaa nywele mwili mzima, alivuka Nile kutoka mashariki baada ya kufukuzwa kwao, maana iligunduliwa kwamba alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe. Si babu wa kujivunia mbele ya wageni, lakini Walugbara hawakumficha.

Kila mmoja alikutana na mwanamke mwenye ukoma. Mashujaa walikuwa na dawa, wanawake walikuwa na moto. Mwanamke akapona, mwanamume akapata moto, na muda si mrefu mwanamke akawa mjamzito. Ndugu zake wa kiume wakaja wamekasirika, vita vikazuka, na mwishowe mashujaa wakalipa faini kwa kosa la kumharibia binti wa watu, kisha mahari. Siri ya ile dawa ilipotea. Kilichobaki ni mahari, na kwa mahari hiyo dada akawa kiungo kati ya koo mbili ambazo jana zilikuwa zikipigana.

Hapa ndipo hadithi za Wati na Liru zinapozishinda nyingi za aina yake. Mwaka 1902 Edith Nesbit wa Uingereza aliandika Five Children and It, ambamo ndugu watano wanampata kiumbe wa mchangani anayewapa wanachotamani, na jua likizama kila kitu kinatoweka. Kwa Walugbara jua lilizama, mtoto akazaliwa, na wajomba wakabaki mlangoni wakidai ng'ombe.

Wakakwa wa Koboko nao wana simulizi yao ya Liru. Babu yao Yeki alihama Kapoeta, iliyo Sudan Kusini ya leo, akaweka makazi kwenye mlima huo, akazaa wana saba. Majina Jaki na Yeki yanakaribiana mno kupuuzwa, ingawa kila kabila linaisimulia safari kwa namna yake.

Mpaka wa kiserikali ulikuja baadaye kabisa. Eneo la Lado, lililojumuisha West Nile na ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipewa mwaka 1894, lilirudi Sudan mwaka 1910, na West Nile ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Wazungu wa mwanzo nao walitiwa ndani ya hadithi: ilisemekana walitembea kwa vichwa, miguu ikiwa juu, kama viumbe wote wa ule ulimwengu usiojua ujamaa.

Koboko ilipewa wilaya yake mwaka 2005, Terego mwaka 2020, hivyo Liru na Wati sasa kila mmoja una wilaya yake. Mwandishi wa Arua anayetaka kuwatungia watoto riwaya ya miujiza na aanze na wale wanawake wawili. Wasimulizi wamewashughulikia mno Jaki na Dribidu, ilhali moto haukuwa wao.