Neno "Chief" na Maana Zake

Wasikilizaji wetu, neno la Kiingereza "chief", ambalo sisi hulitamka chifu, asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa kichwa. Lilipita Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na safarini likazaa watoto wengi. Waingereza humwita jaji aliye juu ya wenzake kwa neno hilo, na jambo lililo kubwa kupita mengine huliita hivyo pia. Mpishi mkuu wa hoteli, "chef", ni ndugu yake. Hata hanchifu tuliyo nayo mfukoni ina kipande chake, kwani zamani kitambaa hicho kilikuwa cha kufunika kichwa!

Hayo hayakumdhuru mtu. Lakini neno hili lilipofika Rungwe lilikuta vyeo visivyofanana. Kwetu Suma na pande zote za Unyakyusa, malafyale alitawala nchi ndogo, na nchi hizo zilikuwa karibu mia. Pamoja naye walikuwapo amafumu, wakuu wa vijiji, wasio wa ukoo wake. Malafyale aliwaogopa, kwa kuwa iliaminika kwamba pumzi ya watu wenye hasira humletea mkosaji baridi na ugonjwa. Tena huko Lubaga alikaa Lwembe, ambaye watu wa nchi nyingi walimtegemea kwa mvua na rutuba, ingawa hakuzitawala nchi hizo. Basi, chifu ni yupi?

Mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka ya wenyeji. Chifu wa sheria hiyo alikuwa mtu wa kusimamia kodi, kuamua mashauri barazani na kupokea mshahara. Lwembe hakuenea katika maana hiyo.

Gumu zaidi lilikuwa ubusoka. Kwa desturi, vijana walipokwisha kukua, malafyale mzee aliwakabidhi utawala wanawe wawili, na nchi ikagawanyika. Je, daftari la bomani lingewezaje kuandika chifu mmoja, kisha wawili, na baada ya kizazi kingine wanne? Kwa maoni yetu, hapa ndipo neno la kigeni lilipoibana desturi kuliko penginepo.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru iliondoa vyeo vya machifu kwa sheria. Jaji Mkuu, ambaye kwa Kiingereza ana neno lile lile katika jina la kazi yake, alibaki kitini.