Hisi ya Mkao

Shuleni tulikariri milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Uwezo wa kujua mguu wako uko wapi gizani haukutajwa. Mwaka 1906 mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington aliupa jina, akilichota katika neno la Kilatini lenye maana ya "-a mwenyewe". Kwa matamshi yetu ni propriosepsheni.

Kuuita mlango wa sita kungepotosha. Mlangoni huingia kitu cha nje, ilhali habari hizi huzaliwa ndani: vipokezi vya kwenye misuli, kano na viungo huuarifu ubongo msuli umevutika kiasi gani, goti limekunjwa vipi. Mimi nachagua "hisi ya mkao". Mkao hudokeza utulivu, na hisi hii hufuatilia mwendo pia. Hata hivyo, bibi anayeuguza miguu ataielewa papo hapo, na hilo nalipa uzito mkubwa.

Tunasimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani na hisi ya mkao. Lakini mtu akilalamika kwamba anapepesuka, chochote kilichoharibika, jibu letu ni moja: una kizunguzungu. Mchanganyo huu unaumiza watu. Kizunguzungu chenyewe, kile cha nyumba kuzunguka, mara nyingi hutoka sikio la ndani. Aliyefifia hisi ya mkao haoni kitu kikizunguka. Huyumba akifumba macho kunawa uso, umeme ukikatika, au akienda msalani usiku, kwa sababu ameishi kwa kutegemea macho bila kujua. Moritz Romberg, tabibu wa Berlin, aliieleza dalili hiyo katika karne ya 19, na hadi leo daktari humwambia mgonjwa asimame miguu pamoja, kisha afumbe macho.

Mwingereza Ian Waterman aliipoteza hisi hii kuanzia shingoni kushuka mwaka 1971, akiwa na miaka 19, baada ya kuugua. Misuli yake ilikuwa na nguvu, ila hakuweza kusimama. Alijifunza upya kutembea kwa kuitazama miguu yake, na taa zikizimwa huanguka.

Kwa wengi hisi hufifia polepole: kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, vitamini B12 hupungua, pombe nyingi ya miaka, uzee. Kwa hiyo anayeanza kuyumba, hasa mwenye ganzi nyayoni, apimwe sukari kwanza.

Kisha mazoezi, maana hisi iliyobaki hunoleka. Asimame kwa mguu mmoja kando ya meza imara, mkono tayari kushika. Atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kando ya ukuta. Ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono. Afanye karibu kila siku, kwa wiki nyingi. Kufumba macho kuje mwishoni kabisa, na pawe na mtu wa kumdaka.