Biletini na kalenda ya maharagwe

Wandugu, wengi wetu tulikuta primu pale tulianza masomo, tukafikiri ni sheria ya tangu zamani. Hapana. Ilizaliwa miaka ya 1992-1993. Makuta ya Zaire ilikuwa inapoteza bei kila siku, mshahara wa mwalimu haukulisha tena nyumba, walimu wakagoma, masomo yakafungwa. Hapo Maaskofu Wakatoliki wakapatana na wazazi: mzazi amusaidie mwalimu, kwa muda tu, ili watoto wasipoteze mwaka. Hiyo "kwa muda" ilikula miaka zaidi ya 25. Sehemu ya feza ikaanza pia kupanda kwenye maofisi ya elimu, basi nani huko juu angekuwa na haraka ya kuifuta?

Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo ninaangalia kalenda. Huku Kivu maharagwe ya musimu wa kwanza yanapandwa mwezi wa 9, yanavunwa karibu na Noeli ao mwezi wa 1. Direkteri naye anadai feza mwezi wa 9, wa 10, wa 11, wakati mukulima ameisha kutia yote ndani ya mbegu. Mutoto anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena. Mara mitihani imefika. Mwenzake wa mujini, baba yake akiwa na kazi, hakukosa hata somo moja la hesabu. Biletini zikitoka, watu wanasema: "Batoto ba kijiji habana akili." Akili gani? Ile pursanteji ilipima gala ya baba kuliko kichwa ya mutoto. Na kama feza inatosha mutoto mmoja, mara nyingi dada ndiye alibaki nyumbani.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya musingi ya Serikali ni bure. Tukangoja mpaka mwezi wa 9, 2019. Watoto wakajaa, kuna darasa zilipita 100. Ukitia mbegu kumi ndani ya shimo moja zote zitaota, kuzaa ni jambo lingine. Walimu wengi hawakuwa kwenye listi ya mshahara, na primu imeondoka. Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 mwaka 2020. Wazazi wenye uwezo walikuwa wameanza kuhamisha watoto ku masomo ya binafsi.

Na bure hiyo ni ya musingi tu. Mutoto wa mukulima akifika sekondari, mwezi wa 10 anakuta deni linamungojea, na maharagwe ingali maua.